Kamera Inapogoma: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Hitilafu ya Muunganisho kwenye Mashine za Kupimia Zinazoongozwa na Kompyuta

Mashine ya kupimia kwa kamera inapofumba jicho, mafundi wengi huanza kwa kutafuta bisibisi. Kamera inafunguliwa kutoka kwenye mhimili wa Z, ule wa kupanda na kushuka, inapulizwa vumbi, inarudishwa, na picha bado haipo. Sasa tatizo moja limekuwa mawili, kwa sababu kamera iliyofunguliwa haikai tena katika pembe ile ile ya mwanzo, na vipimo vya mashine vilijengwa juu ya pembe hiyo. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume: unaanzia kwenye taa na umeme, unakuja kwenye kebo, kisha kompyuta, na unaigusa kamera yenyewe mwisho kabisa. Katika hitilafu nilizoshughulikia Namanve, Jinja na pembezoni mwa Kampala, kamera iliyokufa kweli imekuwa nadra kuliko kebo iliyochoka.

Mashine ninayoizungumzia ni ile yenye meza juu ya jiwe la itale, skeli za kioo (rula zinazosoma mwendo) kwenye mihimili ya X, Y na Z, mota zinazoendeshwa na kidhibiti, na juu yake kamera yenye lenzi ya kukuza, inayotazama kifuniko cha chupa, gasketi au kipande cha chuma na kukipima bila kukigusa. Kompyuta hupokea habari kutoka kwa mashine hiyo kwa njia mbili tofauti: kidhibiti huieleza mahali meza ilipo, na kamera huiletea picha. Ndiyo maana meza inaweza kutembea bila shida huku dirisha la picha likiwa jeusi. Kuzima na kuwasha kila kitu kwa pamoja husaidia mara nyingine, lakini hakukuonyeshi ni njia ipi iliyokatika.

Kabla ya kugusa waya wowote

Chukua simu upige picha sehemu ya nyuma ya kompyuta, kila kebo ikiwa katika tundu lake, kisha upige picha ujumbe wa hitilafu ulioko kwenye skrini na uuandike neno kwa neno pamoja na namba zake. Wakala wa mashine hizi mara nyingi yuko Nairobi au mbali zaidi, na mazungumzo ya aina ya “Mzee, kamera imegoma,” “Imegomaje?” “Imegoma tu,” humaliza muda wa maongezi bila kuleta jibu.

Kisha nakili kwenye flashi folda ya programu ya upimaji yenye data za ugezi, yaani zile namba zilizopatikana mashine ilipolinganishwa na vielelezo vinavyojulikana. Anayeondoa programu na kuisakinisha upya bila nakala hiyo anaweza kurudisha picha na papo hapo akapoteza ukubwa wa pikseli kwa kila kiwango cha ukuzaji pamoja na marekebisho ya mihimili. Nimeliona hilo likitokea, na gharama ya kumwita mgezi upya ilizidi mara nyingi bei ya kebo iliyokuwa chanzo cha yote.

Kuanzia hapo, badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ujaribu, uandike matokeo, kisha uendelee. Ukibadilisha kebo, tundu na draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuwasiliana na kamera) kwa mkupuo, picha ikirudi hutajua ni kipi kilichoirudisha.

Hatua ya kwanza: tambua ni giza la aina gani

Dirisha jeusi halina maana moja. Fanya jaribio hili la nusu dakika: ukiwa na programu wazi, funika lenzi kwa kiganja, kisha ondoa kiganja na uangaze tochi ya simu kuelekea kwenye lenzi kwa pembeni. Iwapo weusi wa dirisha unabadilika hata kidogo, ukawa kijivu au ukaonyesha chembechembe, basi kamera imeunganishwa na inatuma picha. Tatizo lako ni mwanga au muda wa kamera kupokea mwanga, na sehemu kubwa ya mwongozo huu haikuhusu. Angalia taa ya chini ya meza, taa ya duara inayozunguka lenzi, na ile inayopita ndani ya lenzi yenyewe. Mara nyingi mtu amezishusha hadi sifuri katika programu, au fyuzi ya taa imekatika. Angalia pia kama kifuniko cha lenzi kimeondolewa. Usicheke, nimewahi kuendesha gari kutoka Kampala hadi Jinja kwa ajili ya kifuniko.

Iwapo dirisha halibadiliki kabisa, au programu inasema kamera haikupatikana, muunganisho umekatika mahali fulani. Iwapo picha ipo lakini imeganda, au ina mistari ya kukatika, muunganisho upo lakini data hazipiti vya kutosha. Iwapo picha inapotea meza au mhimili wa Z unapotembea tu, ruka moja kwa moja hadi kwenye sehemu ya kebo. Na iwapo picha inaonekana vizuri katika programu ndogo ya kutazamia iliyotolewa na mtengenezaji wa kamera, lakini haionekani katika programu ya upimaji, basi waya zote ni nzima na hitilafu iko katika mipangilio ya programu.

Hatua ya pili: umeme

Uganda hutumia volti 240 kwa hezi 50, lakini kila aliyefanya kazi kiwandani anajua kwamba kinachofika kwenye soketi si lazima kiwe volti 240. Umeme ukikatika na jenereta likashika, kidhibiti na kompyuta haviamki pamoja, na kamera inaweza kubaki katika hali ya nusu usingizi ambayo haiondoki hadi umeme wake ukatwe kabisa. Kwa hiyo zima programu, zima kompyuta, zima kidhibiti, chomoa plagi ya adapta ya kamera kama inayo, na usubiri dakika mbili kamili. Kisha washa kidhibiti kwanza, hakikisha kitufe chekundu cha dharura kimeachiliwa, washa kompyuta, na Windows ikishatulia ndipo ufungue programu. Mpangilio huo una sababu. Programu nyingi za upimaji hutafuta vifaa mara moja tu, zinapofunguka, na zisipovikuta hujifungua katika hali ya kutazama faili tu, bila mashine na bila kamera, na wakati mwingine bila kusema lolote.

Kamera yenye adapta yake ipimwe kwa mita ya umeme kwenye ncha ya waya: volti zilizoandikwa kwenye adapta na zile zinazosomwa na mita zikaribiane. Kamera inayolishwa na USB peke yake ina bajeti finyu, kwa kuwa tundu la USB 2.0 limewekewa miliampia 500 na la USB 3.0 miliampia 900. Ukiiweka kamera kwenye kigawanyio cha USB (hub) kisicho na umeme wake, kikiwa kinalisha pia kipanya, kibodi na kitufe cha leseni (kile kifaa kidogo cha USB kinachoiruhusu programu kufanya kazi), kamera inaweza kutambuliwa na kisha kuanguka pale tu inapoanza kutuma picha.

Usisahau radi. Ukanda wa Ziwa Viktoria hupata ngurumo nyingi mno, na baada ya dhoruba tundu la USB au kadi ya mtandao inaweza kufa huku kompyuta ikiendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mashine iwe kwenye UPS, na waya wa ethi wa jengo ukaguliwe na fundi mwenye kibali cha mamlaka ya udhibiti wa umeme, ERA. Ethi mbovu huingiza mikwaruzo kwenye picha kila mota inapoanza kuzunguka, na hakuna draiva itakayoiondoa.

Hatua ya tatu: kebo, ambako muda wako mwingi unapaswa kwenda

Katika kiwanda kimoja cha vifungashio vya plastiki huko Namanve, picha ilikuwa ikiganda kila alasiri. Wenyeji walikuwa wameshaamua kwamba ni joto, na feni ilikuwa imewekwa kuielekea kamera. Nilimuuliza dada aliyekuwa akiendesha mashine ni nini anachopima asubuhi na nini anachopima mchana. Asubuhi alipima vifuniko. Mchana alipima zile chupa changa ambazo bado hazijapulizwa, akizisimamisha wima. Kwa hiyo mchana mhimili wa Z ulipanda juu zaidi. Nikamwomba aupandishe taratibu huku nikitazama namba: ulipofika milimita 112 picha iliganda, na kompyuta ikatoa ule mlio wa kifaa kuchomolewa. Aliposhusha, ukasikika mlio wa kifaa kuchomekwa. Tulifungua mnyororo wa plastiki unaobeba nyaya na kukuta kebo ya kamera imebanwa na kamba ya kufungia nyaya iliyokazwa kupita kiasi. Gamba lake lilikuwa jeupe na laini mahali hapo, kama shingo ya waya wa chaja ya simu iliyozeeka. Ndani ya gamba zima, nyuzi zilikuwa zimekatika na kugusana kwa bahati tu. Feni ilirudishwa ofisini.

Fanya jaribio hilo hilo kwenye mashine yako. Tembeza kila mhimili kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, huku mtu mwingine akitazama picha. Kama inakatika mahali pale pale kila mara, umeshapata jibu. Kama haikatiki, shika kebo karibu na kila plagi na uitikise kidogo kwa vidole viwili, bila kuivuta. Kisha ifuate kebo yote kwa macho na kwa mkono, ukitafuta mkunjo mkali, sehemu iliyobanwa chini ya mguu wa meza, au skrubu za plagi zilizolegea.

Jaribio la uhakika zaidi ni kuweka kebo nyingine fupi inayoaminika, ikipita nje ya mnyororo, moja kwa moja kutoka kamera hadi kompyuta, bila kutembeza mhimili wowote. Picha ikitulia, kebo ya zamani ndiyo mhalifu. Unaponunua nyingine, zingatia urefu: kebo ya USB 2.0 isizidi mita 5, ya USB 3.0 isiyo na kikuza mawimbi ibaki karibu na mita 3, na ya kamera ya mtandao inaweza kufika mita 100. Kuunganisha kebo mbili za USB kwa kiunganishi cha katikati kwa sababu moja haikufika ni kununua hitilafu ya mwezi ujao. Tafuta pia kebo iliyotengenezwa kwa kupindwa mara kwa mara ndani ya mnyororo, kwani ya kawaida ya printa, hata ikiwa mpya, haitadumu humo.

Kuna jambo dogo kuhusu plagi za USB 3.0, zile ambazo ndani yake mara nyingi ni za buluu. Zina safu mbili za miguso, na ya kasi iko ndani zaidi. Plagi ikiingizwa polepole au isipofika mwisho, kompyuta inaweza kuitambua kamera kama kifaa cha USB 2.0, na kasi ikaanguka bila ujumbe wowote. Ichomoe, kisha uichomeke kwa mkupuo mmoja hadi mwisho.

Hatua ya nne: tundu la kompyuta na Windows

Tumia tundu la nyuma, lililoko kwenye bodi kuu yenyewe, wala si la mbele ya kasha. Baada ya hapo bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, ufungue Device Manager, na uitafute kamera. Ukikuta alama ya mshangao ya manjano, ibonyeze mara mbili usome namba. Namba 28 maana yake draiva haijasakinishwa. Namba 10 inasema kifaa kimeshindwa kuanza, na mara nyingi draiva isiyolingana ndiyo sababu. Namba 43 inasema Windows imekisimamisha kifaa kwa kuwa kimeripoti tatizo. Hapo, kabla ya kulaumu draiva, rudi kwenye kebo na umeme. Kamera isipoonekana kabisa, chomoa na uchomeke kebo yake huku ukitazama orodha: orodha isipotikisika, kompyuta haioni chochote upande wa pili, na programu haina hatia.

Hitilafu inayotokea baada ya mashine kukaa kimya kwa muda, kwa mfano baada ya chakula cha mchana, kwa kawaida hutokana na Windows kuzima matundu ya USB ili kuokoa umeme. Katika mipangilio ya umeme zima kipengele cha USB selective suspend, kisha katika Device Manager fungua sifa za kila USB Root Hub na uondoe alama ya tiki inayoiruhusu kompyuta kukizima kifaa hicho. Masasisho makubwa ya Windows yanaweza kurudisha mipangilio hiyo kimyakimya, kwa hiyo ikague tena kila baada ya sasisho. Kagua pia ukurasa wa faragha wa kamera, ambako ruhusa ya programu za mezani kutumia kamera inaweza kuwa imezimwa. Hilo huhusu zaidi kamera zinazojitambulisha kama kamera za kawaida za kompyuta (webcam) kuliko zile za viwandani zenye draiva zao.

Picha ikiwa inaruka au ina mistari, piga hesabu. Kamera ya pikseli 2592 kwa 1944 hutoa takriban megabaiti 5 kwa kila picha ya kijivu, hivyo kwa picha 15 kwa sekunde inahitaji megabaiti 75 kwa sekunde. USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, kwa vitendo hupitisha megabaiti 40 kwa sekunde au pungufu. Hakuna atakayeshinda hesabu hiyo kwa kusakinisha draiva upya. Punguza idadi ya picha kwa sekunde au uhamie kwenye tundu la kasi. Vilevile, hamisha diski ya nje na vifaa vingine vizito kutoka kwenye matundu yanayotumia kidhibiti kimoja cha USB na kamera.

Kamera za kebo ya mtandao na zile za zamani

Kamera iliyounganishwa kwa kebo ya mtandao hugoma kwa sababu ya anwani (namba ya IP) kuliko kwa sababu nyingine yoyote. Kadi ya mtandao ya kompyuta na kamera lazima ziwe katika kundi moja la anwani, kwa mfano kadi iwe 192.168.10.1 na kamera 192.168.10.2, zote zikiwa na 255.255.255.0 kwenye nafasi ya subnet mask. Ukiona kadi ina anwani inayoanza na 169.254, maana yake haikupewa anwani na mtu wala na kifaa, ikajichagulia yenyewe. Kosa la kawaida hutokea ofisi inapoleta ruta mpya ya intaneti inayogawa anwani za kundi lile lile la kamera kwenye kadi nyingine ya kompyuta. Kompyuta haijui tena kamera iko upande upi, na picha hupotea siku ile ile ambayo kila mtu anafurahia intaneti mpya. Ipe kamera kundi lake la peke yake na kadi yake ya peke yake. Kinga ya Windows dhidi ya mawasiliano ya nje (firewall) nayo iruhusu programu ya upimaji, na kama picha inakatikakatika, panua ukubwa wa pakiti kwenye kadi hadi kama baiti 9000, iwapo kadi na kamera zote zinaukubali.

Mashine za miaka ya nyuma zina kamera za FireWire, aina ya zamani ya muunganisho wa kebo, au za analogi. Za FireWire, zima umeme kabla ya kuchomeka, kwani plagi ya pini 6 hubeba umeme na ikiingizwa kinyume kwa nguvu inaweza kuua kamera. Plagi ya pini 4 haibebi umeme kabisa. Za analogi hutegemea kadi ya kunasia picha iliyo ndani ya kompyuta: zima kila kitu, ichomoe, safisha miguso yake kwa spiriti safi, uirudishe. Usikubali kuuziwa kompyuta mpya ya mashine kama hiyo kabla hujahakikisha ina nafasi ya kadi ya aina hiyo na kwamba draiva ipo kwa Windows utakayoitumia.

Hatua ya tano: programu ya upimaji

Kamera nyingi huhudumia programu moja tu kwa wakati mmoja. Programu ya upimaji ikianguka, kivuli chake kinaweza kubaki kimeishikilia kamera, na ukiifungua upya inasema kamera inatumika. Fungua Task Manager, umalize kile kilichobaki, kisha ujaribu tena. Hakikisha pia kitufe cha leseni kimechomekwa na kimewaka. Mwisho, ingia kwenye mipangilio ya kamera ndani ya programu uone kama aina ya kamera na namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number) bado zinalingana na kamera iliyopo. Draiva mpya si lazima iwe bora. Tumia toleo ambalo mtengenezaji wa programu amelitaja kwa toleo lako.

Picha ikirudi, au ikibidi kubadilisha kamera

Ikiwa kamera haionekani hata kwenye kompyuta nyingine, kwa kebo nyingine na umeme mwingine, hapo ndipo bisibisi ichukuliwe. Weka alama ya kalamu kwenye kamera na kishikio chake kabla ya kulegeza skrubu, na ununue kamera ya aina ile ile. Kamera yenye pikseli za mikromita 5 kwa ukuzaji wa mara 2 huona mikromita 2.5 kwa kila pikseli. Ukiweka nyingine yenye pikseli za mikromita 3.45 bila kubadilisha namba hiyo, tundu la milimita 1 litasomwa kuwa takriban milimita 1.45. Hilo utaligundua mara moja. Linalojificha ni pembe: kamera ikigeuka nusu digrii, ncha mbili za picha yenye upana wa milimita 3 hupishana kwa takriban mikromita 26, na vipande virefu vinavyopimwa kwa kutembeza meza vinaweza kuonekana sahihi kwa sababu skeli ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kipimo.

Hivyo hata kama ulibadilisha kebo tu, pima kielelezo cha kioo au pete yenye cheti, kwa kila kiwango cha ukuzaji, katikati ya picha na kwenye pembe zake nne, kisha ulinganishe na cheti. Kama kielelezo chako hakina cheti kinachoaminika, uliza kwanza UNBS, shirika la viwango la taifa la Uganda, ambalo makao yake yako Bweyogerere na ina maabara ya taifa ya vipimo, kama wanakipokea cha aina hiyo. Matokeo yakiwa ndani ya mipaka, andika kwenye daftari la mashine tarehe, dalili na kilichobadilishwa. Kisha tenga vipande vyote vilivyopimwa tangu picha ilipoanza kuyumba, si tangu ilipopotea, na uvipime upya kabla havijapakiwa kwenye lori.